Ombi kwa Mkurugenzi wa Umeme Afuatane Nami Ukweni

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Umeme,
Ghorofa ya Juu Kabisa.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MADHARA YA KUUTII USHAURI WAKO, NA SAFARI NINAYOKUDAI UIFANYE

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Kwa kuwa nimewahi kufika ofisini kwako, najua pia inakukuta na koti, maana baridi ya humo ndani si ya kuikabili kwa shati tupu. Kwangu hakuna baridi wala joto. Kwangu hakuna mtu, na hilo ndilo linaloniandikisha.

Mimi ni mkaguzi wa mizani sokoni. Kazi yangu ni kuhakikisha kilo ya muuzaji ndiyo kilo ya mnunuzi. Muuza nyama akiniona kwa mbali huondoa kidole kwenye sahani ya mizani kabla hata ya kunisalimia. Nakueleza haya ujue kwamba unaandikiwa na mtu aliyezoea kupima kabla ya kusema, si mtu anayelalamika kwa sababu hana la kufanya jioni. Ingawa kwa sasa sina la kufanya jioni.

Shirika lako lilitoa kipeperushi chenye kichwa cha habari "Mchwa wa Umeme Nyumbani Mwako". Kina picha ya mchwa mwenye miguu ya plagi, anatafuna noti huku anacheka. Mke wangu alirudi nacho siku moja kutoka kwa wakala wa umeme, akakitupa juu ya friza lake, akaendelea na shughuli zake. Mtaa mzima ulikipata. Muuza karanga alikifungia karanga. Jirani yangu alikikunja akakitia chini ya mguu wa meza, na meza ikatulia, kwa hiyo yeye hana lalamiko. Ni mimi peke yangu niliyekisoma mbele na nyuma, nikakiamini, nikakitekeleza. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nimelisikia, ndugu Mkurugenzi, na guu limevunjika vilevile.

Naomba uvumilie niyapange malalamiko yangu kwa namba, kama ulivyowapanga mchwa wako.

1. Lalamiko la kwanza ni kwamba ulisema kweli. Laiti ungesema uongo, ningekuwa na mke hadi leo.

Ulisema runinga iliyozimwa kwa rimoti haijazimwa, imelala tu, na kile kitaa chekundu ni jicho la mchwa anayekesha. Miaka yote nilikuwa napita mbele ya kitaa kile bila kukitilia shaka. Baada ya kusoma nikakikodolea macho. Kisha nikaanza kuviona vingine: kwenye king'amuzi, kwenye redio, kwenye ekstensheni iliyofichwa chini ya kitambaa cha kufuma. Sebule niliyoijua kuwa ya mtu mstaarabu ilikuwa na macho mekundu kama pori la fisi. Nikainama, nikachomoa vyote.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akauliza ninatafuta nini chini ya meza. Nikamweleza habari za mchwa. Akasema, "Mkwe wangu, hicho kimelala tu. Hata wewe ukilala unapumua." Nikamjibu kwamba kupumua kwangu hakulipiwi. Akasema, "Bado," akajiendea chumbani.

Kipeperushi hakikueleza kwamba king'amuzi kikichomolewa hupoteza akili. Ukikirudishia umeme huanza kutafuta stesheni moja moja, kama mzee anayetafuta miwani aliyoivaa. Kila jioni tulikichomeka kwa ajili ya taarifa ya habari, na kila jioni kilizinduka wakati wa hali ya hewa. Tumekuwa familia inayojua mvua itanyesha wapi bila kujua nani ametuibia. Nilipofikiri zaidi, nikaona huenda hilo nalo lilikuwa sehemu ya ushauri.

2. Redio ya mama mkwe. Ni redio ya kisasa, zawadi ya watoto wake, na stesheni zake hukaa kichwani mwake, yaani kichwani mwa redio. Ikichomolewa, inasahau. Mama mkwe macho yake ni hafifu. Alikuwa na kitufe kimoja tu anachokijua, ambacho binti yangu alikipaka rangi ya kucha ili akione. Nilipochomoa redio, kitufe kile kikampeleka kwenye stesheni ya lugha ambayo hakuna mtu nyumbani anayeielewa. Alisikiliza siku nzima, na siku ya pili, na ya tatu. Kumbe alidhani mtangazaji wake wa kila asubuhi amepata kiharusi, na alikuwa anamwombea.

Binti yangu alipogundua alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe hakucheka. Aliniambia, "Mimi nimemlilia mtu wa watu, kumbe aliyepooza ni wewe." Ndugu Mkurugenzi, je, kwenye hesabu zenu za kuokoa umeme mliweka fungu la machozi?

3. Chaja za simu. Ulisema chaja iliyobaki ukutani bila simu bado inakula. Nikazikusanya zote nikazitia kwenye kopo, kopo nikaliweka kabatini, na ufunguo nikatembea nao. Mtu akitaka kuchaji aniombe, aeleze sababu, na aseme simu imebaki na kiasi gani.

Sikuombwa hata mara moja. Watu wangu wote walihamishia simu zao kwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ni kinyozi hapo kwenye kona. Habari zikaenea kwamba kwa kinyozi chaji ni bure. Wake wa majirani, wanafunzi, muuza karanga, wote wakapanga simu zao kwenye rafu ya poda na spiriti, chini ya kioo. Shemeji alinijia akiwa na mashine ya kunyolea mkononi. "Shemeji," akasema, "hujaokoa umeme. Umeuhamisha. Na umeuhamishia kwangu." Wiki iliyofuata akapandisha bei ya kunyoa. Na katika ukoo wote huu mwenye nywele za kunyolewa kila wiki ni mimi.

Hapo ndipo nilipolielewa somo lako lilivyo pana. Mzigo haupungui, unasogezwa tu mpaka umfikie mtu asiye na wa kumsogezea. Nilidhani hiyo ni dhuluma ya sokoni peke yake.

4. Ofisi yako. Lalamiko hili naomba ulisome ukiwa umekaa.

Ilifika siku nikabakiwa na kifaa kimoja tu nisichokigusa, nacho ni friza la mke wangu. Mke wangu hugandisha barafu na kuwauzia wauza samaki wa soko lile lile ninalolikagua. Kipeperushi kinasema: "Chomoa kila kifaa kisichotumika." Swali langu lilikuwa la kitaalamu kabisa. Friza likiwa limefungwa, mfuniko umeshuka, hakuna anayeweka wala anayetoa, je, linatumika au halitumiki? Sikutaka kukisia. Nikavaa vizuri nikaja kukuuliza.

Mlango wako unafunguka kwa umeme mtu akikaribia. Unafunguka pia asipokaribia mtu, paka akipita nje. Ilikuwa saa sita mchana, jua limewaka, na taa za dari zilikuwa zinawaka zote, kana kwamba zinashindana nalo. Dada wa mapokezi alikuwa amevaa sweta la kahawia na amejifunga kanga miguuni. Sitamtaja. Aliwahi kuniomba nisije kabisa ofisini kwenu, akisema, "Baba, usije ukanifukuzisha kazi," na mimi nimeheshimu ombi lake kwa kutomtaja.

Nikamuuliza mlinzi kwa nini nyumba ya watu wanaohubiri kuzima taa haizimi taa. Alinitazama kwa huruma. "Mzee wangu," akasema, "hapa ndipo umeme unapotoka. Hapa hauwezi kuisha."

Nilikaa kwenye kochi lako muda mrefu nikisubiri kukuona. Niliambiwa uko kwenye kikao cha kubana matumizi. Mbele yangu kulikuwa na runinga pana kama mlango wa gereji, inaonyesha tangazo moja tu, linarudiwa na kurudiwa bila mtazamaji: mchwa anacheka, kisha maneno CHOMOA KISICHOTUMIKA. Nililitazama mpaka nikalihifadhi. Mwishowe nikaona kwamba swali langu limeshajibiwa na wakubwa, tena kwa herufi kubwa. Nikarudi nyumbani.

5. Friza.

Nililichomoa kabla ya kulala, kwa nia safi. Lilikuwa limejaa, na kipeperushi kinasema kilichojaa hutunza baridi. Lilitunza, lakini si mpaka asubuhi. Maji yalitoka jikoni, yakapita sebuleni chini ya runinga iliyochomolewa, yakaingia kwa mama mkwe, yakabeba ndara zake mpaka mlangoni. Yeye ndiye aliyetuamsha. Alikuwa anauliza kwa sauti kama tumehamia baharini bila kumwambia.

Kabla hatujakausha, wauza samaki walikuwa wamefika na mabeseni yao. Ni wanawake ninaowajua vizuri, kwa kuwa kila mwezi nawakagulia mizani. Aliyetangulia anaitwa Mama Magamba, na ulimi wake una magamba kuliko samaki wake. Alichungulia ndani ya friza, akaniangalia, akaniambia mbele ya mtaa, "Mkaguzi, basi leo nipimie maji kilo mbili. Na usitie kidole." Wenzake walicheka, lakini si kwa muda mrefu, maana samaki walikuwa wanawangoja sokoni na jua lilikuwa linapanda. Mchana ule nilipita sokoni kwa njia ya nyuma. Harufu ilinitambua.

Nilitegemea mke wangu apige kelele. Kelele ningezijibu, nilikuwa na kipeperushi mkononi. Hakupiga. Alikamua tambara, akalitundika, akakaa juu ya ndoo akaniambia, "Bwana Mkaguzi, friza lilikuwa kazini. Kwa kuwa lilikuwa kimya na mfuniko umeshuka, wewe ukaona limekaa tu. Miaka yote hii unapita hapa hukuwahi hata kufunua."

Nikamsomea ule mstari wa kipeperushi. Akausikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni kifaa gani ndani ya nyumba ile kinachotumika kidogo kuliko vyote. Sijui kwa nini watu wote walinigeukia mimi. Hata Mama Magamba, ambaye si mtu wa nyumbani.

Mchana aliita mkokoteni. Friza likapakiwa, likafungwa kamba, na mama mkwe akakaa pembeni yake akiwa ameipakata redio. Wameenda kwa dada mkubwa wa mke wangu, mtaa wa pili. Binti yangu aliwafuata jioni na sweta lake. Hadi leo sijaelewa friza liliingiaje kwenye mambo ya ndoa, na kama kuna kipeperushi chenu kinachoeleza hilo, naomba nakala.

6. Ushindi wangu. Naona aibu kuuita lalamiko, ila sina mahali pengine pa kuuweka.

Leo nyumba yangu ndiyo nyumba uliyoiota ulipoandika. Hakuna jicho jekundu hata moja. Runinga inatazama ukuta. Jikoni, pale friza lilipokuwa, pamebaki mraba msafi sakafuni, na nimejikuta napita pembeni yake kama vile bado lipo. Nakula mkate na kulala mapema. Barua hii naiandika dirishani, kwa mwanga wa jua, ambao bado hamjauwekea mita. Siku mbili za kwanza niliwasha taa moja ya jikoni; tangu hapo sijawasha kitu. Juzi nilikwenda kuitazama mita yangu: imenyamaza kama kaburi, hata kile kitaa chake cha kukonyeza kimeacha kukonyeza. Nilisimama mbele yake nikajisifu. Hakukuwa na mwingine wa kunisifu.

Sasa ndugu Mkurugenzi, nakuja kwenye ombi.

Kwa desturi ya watu waungwana, mke akirudi kwao, mume hatumi simu. Hutafuta mtu mzima wa kufuatana naye, anayeheshimika, wa kutangulia maneno. Nilimwendea kaka yangu mkubwa. Alikataa. Alisema, "Nilikwenda kukuposea, hapo sikuambiwa habari za plagi. Aliyekupa shauri na akupeleke." Nimelipima neno lake kwa mizani zote ninazozijua, na limetimia. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Shauri lilikuwa lako, la kichwa chako, lenye nembo yako na mchwa wako. Mimi nilitoa mkono tu.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote:

Kwanza, Jumamosi uje kwangu kwa miguu. Gari lako, ambalo dereva huliacha likinguruma chini ya kivuli ili kiti chako kisipate joto, lisionekane mtaa ule. Wauza samaki wanakaa jirani.

Pili, tukifika kwa dada mkubwa utavua viatu, utakaa mkekani, na hutasema mpaka mama mkwe akuulize. Atakuuliza kama unalala. Ukijibu ndiyo, atakuuliza kama unapumua. Usibishane naye. Mimi nilibishana.

Tatu, utamweleza mke wangu, kwa maneno yako mwenyewe, kwamba kipeperushi kile kiliandikwa na watu ambao hawajawahi kuchomoa chochote. Kwamba wakati umeme ulipopanda bei, ilikuwa rahisi kuchora mchwa kuliko kueleza nani anakula. Kwamba mtu mwenye taa moja akiambiwa azime moja, anabaki na giza, na mwenye taa mia akizima moja anapewa cheti. Sema hivyo, kisha umwombe arudi. Nikisema mimi ataona nina hasira. Wewe utaonekana umejifunza.

Nne, akikubali, wewe utashika upande mmoja wa mkokoteni na mimi mwingine, tulirudishe friza. Ni zito. Niliujua uzito wake siku linatoka.

Usipokuja, nitalazimika kupeleka malalamiko haya kwa mhariri wa gazeti, na nitaeleza habari za mlango na paka.

Nisalimie wajumbe wa kikao cha kubana matumizi, na uwaambie kiyoyozi kilichoelekea kochi la wageni kinadondosha maji. Nisalimie mlinzi, mtu mkweli kuliko wote jengo lile. Nisalimie dereva wako. Nisalimie pia dada wa mapokezi mwenye sweta la kahawia, ambaye sina undugu naye wowote, na umwambie baba yake anakula vizuri.

Nakusubiri Jumamosi, nikiwa gizani kwa hiari yangu na kwa agizo lako,

Mkaguzi wa Mizani,
mteja wako mtiifu kuliko wote.

N.B. Nimeifungua tena bahasha.

Baada ya kuandika yaliyo hapo juu nilitaka kunyoosha shati la kuendea ukweni. Nikachomeka pasi. Haikupata moto. Nikajaribu taa, haikuwaka. Nikajiambia wamekata, nikashika kalamu niongeze lalamiko la saba, kali kuliko yote. Lakini kwa jirani redio ilikuwa inaimba.

Nikaenda kwa shemeji kinyozi. Alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imekwisha na nusu bado. Nikamweleza. Akauliza mita inasemaje. Nikasema imenyamaza. Akazima mashine. "Shemeji, umeme haujakatika. Umeisha. Ulinunua lini?"

Nikasema sijawahi kununua. Nikasema umeme wa kwangu huwa upo tu.

Yule wa nusu kichwa akageuka kitini kunitazama. Shemeji akasema taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake habari ya msiba, "Ni dada. Kila akiuza barafu anapitia kwa wakala. Umeme wa nyumba nzima, hata ule wa kusomea magazeti yako, umetoka ndani ya lile friza."

Basi, ndugu Mkurugenzi, malalamiko namba moja hadi sita uyapuuze. La ofisi yako usilipuuze, hilo linasimama lenyewe. Lakini mchwa niliyemtafuta chini ya meza, miaka yote alikuwa anasimama juu ya miguu yake miwili, anasoma gazeti, na kile kilichokuwa kinalisha nyumba nzima ndicho nilichokichomoa mwisho, tena kwa moyo mkunjufu.

Wakala alinipa karatasi ya namba za kuingiza kwenye mita. Nimebonyeza, mita imekataa. Nikampigia mama mkwe kwa simu ya kinyozi, nikamwuliza zinaingizwaje. Akasema, "Mkwe wangu, muulize anayejua."

Kwa hiyo Jumamosi usije. Shati nimelivaa na mikunjo yake, nakwenda leo. Mkokoteni nimeshaukodi, na nitausukuma mwenyewe.